Sukuma ya Kusini na mchuzi wake

Mapema mwaka 1931, Marekani ikiwa imebanwa na mdororo wa uchumi, watu wa majimbo ya kusini walibishana kwa wiki kadhaa juu ya mkate wa mahindi. Huey Long, gavana wa Louisiana, alishikilia kwamba mkate huo huchovywa mchuzini. Gazeti la Atlanta Constitution likamjia juu: hufikichwa ndani ya bakuli. Mchuzi wenyewe huitwa potlikker, yaani yale maji ya kijani yenye mafuta yanayobaki sufuriani mboga ikishaiva.

Mboga hiyo, collard, si ngeni Nairobi: ni sukuma wiki. Lakini sisi tunaikata nyembamba, tunaikaanga na kitunguu na nyanya, na dakika chache tu imepakuliwa. Kule mpishi huanza na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Hukichemsha peke yake hadi maji yashike chumvi na moshi, ndipo hutia majani, mengi hadi kifuniko kinakataa kufunga. Punde yananywea. Huachwa motoni saa nzima au zaidi, yakalainika na kugeuka rangi ya zeituni, kisha mezani hunyunyiziwa siki ya pilipili. Mkenya akiyaona atasema yameungua. Ayaonje kwanza.

Wengi husema mboga hii ilitoka Afrika na watumwa. Sivyo. Jani lilivuka bahari na Waingereza, waliokuwa wakiliita colewort. Kilichotoka Afrika ni mkono wa mpishi: watu wa Afrika Magharibi walizoea kupika majani kwa muda mrefu, yakiungwa kwa kipande kidogo cha samaki au nyama ya moshi, na mchuzi wake kuliwa na ugali wa aina fulani.

Utumwani kipande hicho kilikuwa kidogo kweli. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, ameandika kwamba posho ya mtu mzima kwa mwezi ilikuwa ratili 8 za nyama ya nguruwe, au samaki wa kiasi hicho, na busheli 1 ya unga wa mahindi. Ratili 8 hazifiki kilo 4. Mboga wengi walijilimia wenyewe kando ya vibanda, baada ya kazi ya bwana. Collard iliwafaa: unachuma majani ya chini, shina linaendelea kuchipua, na baridi kali ndiyo kwanza huyatia utamu. Nao mchuzi ulibeba vitamini zilizotoka kwenye majani, ingawa jina hilo hawakulijua.

Weusi walipohamia Chicago, Detroit na Harlem, sufuria ilikwenda nao. Miaka ya 1960 chakula hicho kikapata jina la fahari, soul food. Si wote waliofurahi. Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation of Islam, aliwakataza wafuasi wake nguruwe na hata collard yenyewe. Siku hizi wapishi wengi hutumia bata mzinga wa moshi.

Mwaka 2011 South Carolina iliifanya collard kuwa mboga rasmi ya majani ya jimbo. Na kila Januari 1, Wamarekani wengi wa kusini huipakua pamoja na kunde: majani ndiyo noti za mwaka mzima, kunde ni bahati. Hizo kunde, ndizo zilizotoka Afrika.