Buni Ndani ya Samli: Kahawa ya Bura Isiyo na Shamba

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa kahawa ilifikaje nchini, jibu analo tayari: ililetwa na mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakaipanda Bura mwaka 1893. Kwa kahawa ya shambani jibu hilo ni sawa, na Bura inayotajwa ni ile ya milima ya Taita. Lakini iko Bura nyingine, ng'ambo ya Mto Tana, kusini ya mji wa Garissa, kwenye joto na ukame usiofaa mti wa kahawa. Huko buni hukaangwa nyumbani kwa samli na kutafunwa nzima, na chimbuko la desturi hiyo si misheni. Ni Ethiopia.

Buni inayotakiwa ni ile iliyokauka na ganda lake. Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya na jamaa zao Waorma, wanaolisha mifugo kandokando ya Tana, kazi huanza kabla ya moto kukolea: kila buni hukatwa ncha, mara nyingi kwa meno. Tendo hilo wanalihesabu kuwa ni kuchinja. Samli ikishayeyuka, buni hutiwa na kugeuzwa taratibu mpaka zivimbe, zianze kupasuka, na harufu yake itoke nje imwite jirani. Kisha huongezwa maziwa, wazee wakaomba baraka, bakuli likazungushwa. Samli inayobaki haimwagwi, hupakwa mikononi na kichwani. Wasomali wa Garissa nao wana bun yao, na mafuta yake vilevile huishia kwenye nywele.

Ukale wa jambo hili una ushahidi. Mskoti James Bruce, aliyefika Ethiopia mwaka 1769, aliandika katika kitabu chake cha 1790 kwamba Waoromo, ambao Waborana na Waorma ni matawi yao, walipokwenda vitani walibeba matonge ya kahawa iliyokaangwa, ikasagwa na kuchanganywa na siagi. Tonge moja lilimtosha mtu kutwa nzima. Kwa maneno mengine, kahawa ilikuwa chakula cha njiani zaidi ya karne moja kabla mche wa Taita haujapandwa. Nami naona kwamba kama Waborana wa kaskazini na Waorma wa Tana, waliotengana kwa muda mrefu na kwa umbali mkubwa, wote huikata buni na kuikaanga kwa samli, basi desturi hii ni ya zamani sana.

Serikali ya kikoloni iliijua kahawa kama bidhaa ya kuuza nje. Hadi miaka ya 1930 Waafrika walizuiwa kuilima, na ruhusa ilipoanza kutolewa, ilikuwa kwa majaribio Kisii, Embu na Meru. Hata leo kiwandani, kahawa iliyokaushwa na ganda lake huitwa mbuni na kulipwa bei ya chini kabisa. Inanisikitisha, kwa sababu ganda hilo ndilo linalonyonya samli, na kwa mpishi wa Bura buni iliyokobolewa haina kazi.

Desturi imevuka mengi. Waborana wengi wa Waso, upande wa Isiolo, waliingia Uislamu katika karne iliyopita, lakini buni haikuachwa. Mwanaanthropolojia Mario Aguilar aliieleza katika kitabu chake cha 1998 kuhusu watu hao. Kabla ya kitabu hicho vilikuwa vimekuja vita vya shifta kaskazini mwa Kenya, 1963 hadi 1967, watu wakakusanywa kambini na mifugo mingi ikauawa au kutaifishwa. Sadaka ya fahali haikuwezekana tena kwa wengi. Sadaka ya buni inahitaji konzi moja na samli kidogo, na aliyebaki bila ng'ombe hata mmoja aliweza bado kuchinja, kuomba na kuwalisha wageni wake.