Kadi ya Wagner na Mtu Aliyeipa Namba

Agosti 2022, kadi ndogo iliyowahi kutolewa bure ndani ya pakiti ya sigara iliuzwa Marekani kwa dola milioni 7.25. Mwezi huohuo kadi nyingine, ya mwaka 1952 ya kampuni ya chingamu, ilifika dola milioni 12.6 mnadani. Ya kwanza ina picha ya Honus Wagner, ya pili ya Mickey Mantle, wote wawili nyota wa besiboli wa zama tofauti. Bei hizo zilienea duniani kote, na ni haki kuzistaajabia. Hata hivyo historia ya kadi hizi inafundisha jambo zito kuliko bei. Vitu adimu ni vingi, na vingi vimeoza bila mtu kujua kwamba vilikuwepo. Karatasi iliyotengenezwa ili itupwe huwa urithi pale mtu anapojitolea kuitambua, kuipanga pamoja na nyingine za aina yake na kuitunza kwa niaba ya watu asiowajua. Kwa kadi za Marekani mtu huyo alikuwa Jefferson Burdick, na madalali wa mamilioni hadi leo wanatumia namba alizozitunga yeye.

Kutoka pakiti ya sigara

Katika miaka ya 1880 sigara za Marekani ziliuzwa katika pakiti za karatasi laini. Wenye viwanda walitia kipande cha karatasi ngumu ili sigara zisivunjike, kisha wakang'amua kwamba kipande hicho kikichapwa picha humrudisha mnunuzi dukani kutafuta nyingine. Mwaka 1887 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa mfululizo wa mabingwa 50 wa dunia: wachezaji wa besiboli, mabondia, wapiga makasia na walenga shabaha, akiwemo Annie Oakley, mwanamke aliyesifika kwa bunduki yake. Kampuni ya Goodwin ya New York, yenye sigara za Old Judge, ilibandika picha halisi za kamera. Wachezaji walipigwa picha studio, na kwa kuwa kamera za siku hizo hazikuweza kunasa mpira unaoruka, mpira ulining'inizwa kwa uzi mbele ya mchezaji.

Nyuma ya mashindano hayo kulikuwa na mtambo. James Bonsack alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara mwaka 1881, na mfanyabiashara James Duke alipoichukua, uzalishaji ulipanda kupita kiasi cha wavutaji waliokuwepo. Kila kampuni ikalazimika kutangaza kwa nguvu, na kadi zikastawi. Mwaka 1890 kampuni tano kubwa ziliungana chini ya Duke na kuunda American Tobacco Company. Ushindani ulipokufa, kadi nazo zikafifia, maana mwenye ukiritimba hana haja ya kumbembeleza mteja.

Zilirudi kwa kishindo mwaka 1909. Katika muda wa miaka miwili hivi American Tobacco ilitoa kadi za besiboli za aina 524, zenye mpaka mweupe na picha za rangi zilizochapwa kwa lithografia. Kila moja haikufika sentimita 4 kwa upana wala 7 kwa urefu, na mgongoni ilikuwa na tangazo la sigara, mara nyingi Piedmont au Sweet Caporal. Watoto walikaa nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wavutaji wawape picha za wachezaji.

Mchezaji aliyekataa

Honus Wagner alizaliwa Pennsylvania mwaka 1874, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani katika eneo la migodi ya makaa ya mawe. Akiwa na Pittsburgh Pirates aliongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa kupiga mara 8, na mwaka 1936 akawa mmoja wa wachezaji watano wa kwanza kuteuliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, pamoja na Ty Cobb na Babe Ruth. Mtu wa namna hiyo alipaswa kuwa na kadi nyingi kuliko wengine katika mfululizo wa 1909. Badala yake, nakala zake zinazojulikana leo zinakadiriwa kuwa kati ya 50 na 60 tu.

Gazeti la The Sporting News la Oktoba 1912 lilieleza yaliyotokea. Mwandishi wa michezo wa Pittsburgh, John Gruber, aliahidiwa dola 10 endapo angempatia mtengenezaji ruhusa ya kutumia picha ya Wagner. Wagner alimjibu kwamba hataki picha yake iwekwe kwenye sigara, akamwambatanishia hundi ya dola 10 ili rafiki yake asipate hasara. Uchapaji wa kadi yake ulisimamishwa, lakini chache zilikuwa zimeshatoka. Sababu za kukataa bado zinajadiliwa. Wagner mwenyewe alitafuna tumbaku, na wapo wanaoamini kwamba alichotaka ni malipo. Katika familia yake ilisimuliwa kwamba hakupenda watoto wanunue sigara ili wapate sura yake. Vyovyote iwavyo, kadi ikawa adimu kwa sababu mtu mmoja alisema hapana, bila kufikiria kwamba anaunda hazina.

Burdick na kazi ya kupanga

Jefferson Burdick alizaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Central Square, jimbo la New York. Aliajiriwa katika kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, hakuoa, na tangu ujanani aliteswa na baridi yabisi iliyokuja kumkunja vidole. Alikusanya karatasi ambazo wengine walizitupa: kadi za sigara, lebo, kadi za salamu, matangazo ya madukani. Hakukusanya ili auze. Alichotaka kujua ni vitu gani vilichapwa, na nani, lini, na vingapi.

Wakati huo wakusanyaji walibadilishana kadi kwa barua bila lugha moja ya kuzitaja. Burdick alianzisha jarida dogo la wakusanyaji, na mwaka 1939 akatoa orodha iliyokuja kuitwa American Card Catalog. Katika orodha hiyo alikuja kuzigawa kadi kwa herufi: N kwa za tumbaku za karne ya 19, T kwa za tumbaku za karne ya 20, E kwa za pipi za awali, R kwa za chingamu na peremende za baadaye. Mfululizo wa mipaka myeupe wa 1909 ukapata namba 206. Ndiyo maana kadi ya Wagner inaitwa T206 katika kila mnada. Katika orodha hizo za mwanzo kadi ya Wagner ilikadiriwa dola 50, wakati nyingi nyingine zilihesabiwa kwa senti.

Mwaka 1947 Burdick alianza kuukabidhi mkusanyiko wake kwa makumbusho ya sanaa ya Metropolitan, jijini New York, ambako msimamizi wa idara ya picha za kuchapwa, A. Hyatt Mayor, alikubali kuupokea kwa sharti kwamba Burdick mwenyewe aupange. Ulikuwa na vipande zaidi ya 300,000, na kati ya hivyo kadi za besiboli zilizidi 30,000. Miaka yake ya mwisho aliitumia mezani ndani ya makumbusho, akibandika kadi kwenye albamu moja baada ya nyingine kwa vidole visivyonyooka. Januari 10, 1963 alibandika ya mwisho. Siku iliyofuata alilazwa hospitali, na Machi mwaka huo akafariki.

Kwa macho ya soko la leo, gundi ya Burdick iliharibu mamilioni ya dola, maana kadi iliyobandikwa hushuka bei. Kwa macho ya historia gundi hiyo ndiyo iliyouweka mfululizo pamoja mahali pamoja, ili mtafiti afungue ukurasa na kuona kampuni, mchoraji, mwaka na mpangilio kwa mara moja. Wagner wa Burdick yumo humo, na hauzwi.

Chingamu na tishari la baharini

Wakati Burdick akipanga, kadi zilihama kutoka tumbaku kwenda chingamu, na mnunuzi sasa akawa mtoto mwenyewe. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa mfululizo wa kadi 240, lakini kadi namba 106 haikuwemo katika pakiti yoyote. Watoto walitafuta wasipate. Wale walioiandikia kampuni kulalamika walitumiwa kadi hiyo kwa posta mwaka uliofuata, ikiwa na picha ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekwisha kustaafu. Hapa ulizaliwa uchache wa namna ya pili, ule unaopangwa na muuzaji.

Uchache wa namna ya tatu ulizaliwa na uzembe. Kwa toleo la mwaka 1952 Sy Berger wa kampuni ya Topps, Brooklyn, akishirikiana na Woody Gelman, alibuni kadi 407 akifanya kazi kwenye meza ya jikoni kwake. Aliziwekea nembo ya timu, saini ya mchezaji iliyochapwa, na takwimu mgongoni, sura ambayo kadi za michezo zimeifuata tangu hapo. Kundi la mwisho, kuanzia namba 311, lilichelewa kutoka. Msimu wa besiboli ulikuwa unaisha, watoto wakawa na macho kwenye mchezo mwingine, na maduka yakakataa kununua. Makasha yalikaa ghalani miaka kadhaa. Karibu mwaka 1960, kama Berger alivyosimulia baadaye, aliyapakia kwenye tishari la taka na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki, pwani ya New Jersey.

Namba 311 ilikuwa ya Mickey Mantle. Nakala iliyouzwa mwaka 2022 ni ndugu ya zile zilizozama.

Waliokosa kadi

Kati ya kadi 524 za T206 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 ligi kubwa za Marekani ziliwafungia mlango, nao wakacheza katika ligi zao wenyewe. Kampuni za sigara na chingamu zilichapa nyota wa ligi zilizotambuliwa tu, na kwa njia hiyo ubaguzi wa uwanjani ukaingia mpaka mfukoni mwa mtoto. Kadi zinazosakwa za Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora wa zama zake, zilichapwa Cuba, ambako alicheza wakati wa baridi. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wengi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuvunja kizuizi hicho akiwa na Brooklyn Dodgers. Kadi ya Gibson inayotafutwa zaidi ilitoka Puerto Rico katika msimu wa 1950–51, yeye akiwa kaburini.

Mwaka 2024 Major League Baseball iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi katika kumbukumbu zake, na Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa wakati wote, kwa .372. Takwimu zilipatikana kwa sababu watafiti walichambua magazeti ya zamani mchezo kwa mchezo. Picha ambazo hazikuchapwa haziwezi kurudishwa. Mkusanyaji anayezisaka kadi hizi za Cuba na Puerto Rico anatafuta ushahidi wa watu walionyimwa nafasi, na mimi naamini hilo ni tendo la heshima kuliko kumiliki Wagner.

Mkasi na uchache wa kuagiza

Fedha ilipoingia kwa wingi, hila nazo ziliingia. Nakala ya Wagner iliyo safi kuliko zote zinazojulikana ilinunuliwa mwaka 1985 na dalali Bill Mastro kwa dola 25,000. Mwaka 1991 mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall waliipata Sotheby's kwa dola 451,000. Ikawa kadi ya kwanza kupimwa na kampuni ya PSA, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ikapewa alama 8 kati ya 10. Mwaka 2007 ilifika dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Mastro, akikiri mahakamani kosa la udanganyifu katika minada yake, alikiri pia kwamba aliwahi kuipunguza kadi hiyo kingo ili ionekane mpya. Usafi uliolipiwa mamilioni ulikuwa kazi ya mkasi.

Siku hizi uchache huagizwa kiwandani. Kadi ya Pikachu Illustrator ilitolewa Japani mwaka 1997 na 1998 kama zawadi kwa washindi wa mashindano ya kuchora, nakala 39 kwa hesabu rasmi, na Logan Paul alinunua moja mwaka 2021 kwa gharama ya dola milioni 5.275. Mwaka 2023 mchezo wa Magic: The Gathering ulichapa nakala moja tu ya kadi ya The One Ring, na mwanamuziki Post Malone akainunua kwa takriban dola milioni 2. Hakuna ubaya katika biashara hiyo, na sanaa ya kadi hizi wakati mwingine ni nzuri sana. Lakini kadi inayozaliwa ikiwa tayari hazina haina mengi ya kutueleza kuhusu maisha ya watu, kwa kuwa haikuwahi kupita mikononi mwa wavutaji wala kuombwa na watoto nje ya duka.

Wanahistoria wanaijua Marekani ya 1909 kwa undani zaidi kwa sababu mfanyakazi mgonjwa wa kiwanda aliona maana katika takataka ya sigara, akaorodhesha kadi zote, za kawaida na adimu, bila kuchagua zenye bei. Soko lilimfuata nyuma kwa miongo kadhaa na bado linategemea orodha yake. Mwenye mkusanyiko wowote wa karatasi leo, uwe wa kadi, lebo au tiketi, ana njia mbili: kungoja bei ipande, au kukaa chini na kuandika ni nini, cha nani, cha mwaka gani. Njia ya pili ndiyo inayowaachia watu urithi, na haihitaji mamilioni kuianza.