Walihama jiji na miti yao kufuata udongo

Picha ya bonsai ikipita mtandaoni, watu wanasifia mti na chungu chake. Udongo nani anauangalia? Kumbe kuna mafundi huko Japani waliufungia safari.

Septemba 1, 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko liliipiga Tokyo na majirani zake. Majiko yalikuwa yanawaka, moto ukasambaa, zaidi ya watu laki moja wakafa. Mafundi wa bonsai walionusurika hawakutaka tena kubanana mjini. Walihitaji nafasi, maji safi, hewa nzuri na udongo wa kueleweka, maana mti ukifa, umekufa na miaka yote aliyoulea baba na babu.

Mwaka 1925 wakaanza kuhamia Omiya, kama kilomita 30 kaskazini. Mtaa wao ukawa na masharti, na si ya kitoto: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, bustani iwe wazi kwa wageni, uzio uwe wa miti, ghorofa marufuku.

Sasa huo udongo. Kwa maelfu ya miaka volkano, Fuji ikiwemo, zilimwaga majivu kwenye uwanda wa Kanto, yakageuka udongo mwekundu. Humo ndimo inamochimbwa akadama, yaani "mipira myekundu". Inakaushwa, inachekechwa, vumbi linatolewa. Kila punje inanyonya maji ya kuutosha mti, ya ziada yanapita katikati, mizizi inapumua. Udongo wa kawaida wa bustani ukiujaza kwenye chungu kifupi vile unashikana, maji yanatuama, mizizi inaoza. Mti wa bei mbaya unaondoka hivihivi.

Akadama nayo ina shida yake: baada ya miaka michache inasagika, inabidi ibadilishwe. Na haifai kila mti peke yake. Azalea za satsuki zinapenda kanuma, mawe mepesi ya manjano yenye asidi, kutoka mkoa jirani wa Tochigi. Misonobari inaongezewa changarawe, haitaki kulowa muda mrefu.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, bonsai ikaonekana anasa, bustani nyingi zikafungwa. Amani iliporudi, wageni wa Kimarekani wakaanza kupiga hodi. Leo akadama inasafirishwa kwa mifuko hadi Ulaya na Marekani, wakati Omiya kwenyewe zimebaki bustani chache tu, mageti wazi.