Kifuko cha Hewa Ndani ya Pafu

Picha ya eksirei ikiinuliwa kwenye mwanga, kinachoonekana ni duara jeusi ndani ya pafu la mtoto mchanga. Mara nyingi ni kasoro ya kuzaliwa tu. Lakini mara chache, ukuta wa kifuko hicho huficha seli changa za saratani iitwayo pleuropulmonari blastoma, na hapo picha haisaidii: vyote viwili hufanana. Jibu hupatikana kifuko kikishakatwa na kuwekwa chini ya darubini.

Hadi miaka ya 1980, saratani hiyo ilichanganywa na nyingine ya mapafu ya watu wazima. Mwaka 1988 Carlos Manivel na wenzake, Marekani, walikusanya visa vya watoto 11 wakaonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake.

Kukusanya watoto waliotawanyika, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na Nairobi inaifahamu. Katika hospitali iliyoitwa King George VI tangu 1952, na Kenyatta baada ya uhuru, daktari mpasuaji Peter Clifford aliwapokea watoto wenye saratani nyingine, uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala mwaka 1958. Clifford aliwatibu kwa dawa. Uso uliovimba hadi meno yakalegea uliweza kurudia umbo lake katika siku chache. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Stockholm, kwa mtafiti George Klein wa Taasisi ya Karolinska.

Lakini taya hujionyesha. Mama huliona anapomnawisha mtoto. Pafu halisemi. Mtoto hukohoa, hupumua kwa shida, na magonjwa ya kwanza kushukiwa ni nimonia au kifua kikuu, kwa kuwa ndiyo yanayojulikana. Wakati huo unaopotea ni mchungu, maana kifuko kikiachwa kinaweza kujaa nyama ngumu kabla mtoto hajaingia shule, na kutibu kunakuwa kugumu zaidi.

Mwaka 2009 Ashley Hill na wenzake waligundua kwamba katika familia kadhaa ugonjwa huu hutokana na jeni ya DICER1 iliyoharibika, ambayo mzazi anaweza kuibeba akiwa mzima kabisa. Kwa hiyo akipatikana mgonjwa mmoja, ndugu zake nao hupimwa damu. Mtoto mchanga anayekutwa na jeni hiyo iliyoharibika hupigwa picha ya CT ya kifua akiwa na miezi mitatu hadi sita, hata kama hajawahi kukohoa.