Shule ya Wasichana Iliyokwenda Vitani

Kila asubuhi mwalimu hufungua kitabu cha mahudhurio, akaita majina ya wanafunzi wake mmoja mmoja, nao huitikia. Ni kazi ndogo, na wengi wetu huifanya bila kufikiri. Lakini iko shule moja ambayo, vita vilipokwisha, kitabu chake hakikufunguliwa tena, kwa sababu shule yenyewe haikuwako. Habari zake zatupasa sisi waalimu kuzijua, maana hazihusu mateso ya wasichana tu. Zahusu pia mambo waliyofundishwa.

Okinawa ni kisiwa cha Japani, upande wa kusini, na urefu wake wapita maili 60. Katika mji wa Naha zilikuwako shule mbili za wasichana katika kiwanja kimoja: Shule ya Kwanza ya Juu ya Wasichana, na Chuo cha Waalimu, upande wa wanawake. Zilitumia majengo pamoja, hata waalimu wengine walifundisha huku na huku. Kila moja ilikuwa na gazeti lake. La kwanza liliitwa Otohime, la pili Shirayuri, yaani yungiyungi jeupe. Majina hayo yakaunganishwa, likapatikana jina moja lililozijumlisha zote mbili: Himeyuri.

Hapo mwanzo maisha yao yalikuwa kama ya bweni lo lote: masomo, nyimbo, michezo, na kicheko baada ya taa kuzimwa. Kisha vita vikaingia shuleni kidogo kidogo, kama maji yaingiavyo katika chombo kilichotoboka. Masomo yalipunguzwa. Sare za shule ziliachwa, wasichana wakavaa suruali za kazi, wakashika majembe na kuchimba mahandaki, wakasaidia hata katika kutengeneza viwanja vya ndege. Tarehe 22 Agosti, 1944, meli iitwayo Tsushima Maru, iliyokuwa ikiwahamisha watoto wa shule kutoka Okinawa, ilizamishwa na manowari ya Kimarekani iendayo chini ya maji, na mamia ya watoto wakafa. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ule ndege za Marekani ziliteketeza sehemu kubwa ya Naha. Tangu hapo hapakuwa na mtu asiyejua ya kuwa vita vinakuja.

Usiku wa tarehe 23 Machi, 1945, wanafunzi 222 pamoja na waalimu 18 walishika njia kwenda Haebaru, penye hospitali ya jeshi. Wasichana hao walikuwa na umri wa miaka 15 mpaka 19. Wengi walidhani kazi yao itakuwa ya siku chache tu, tena mahali pa salama chini ya bendera ya hospitali. Wengine walichukua vitabu vyao ili wasiachwe nyuma katika masomo. Lakini hospitali ile haikuwa nyumba. Ilikuwa mapango yapata 40 yaliyochimbwa kilimani, yenye vitanda vya mbao vya juu na chini. Usiku wa tarehe 29 Machi waliomaliza masomo walifanyiwa sherehe yao ya kuaga katika kibanda, kwa mwanga wa mishumaa, huku mizinga ikinguruma. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Aprili, majeshi ya Marekani yalishuka pwani ya kisiwa.

Tangu hapo majeruhi wakaja kwa wingi. Mabinti hawa waliosha vidonda, wakatoa funza, wakawalisha wasioweza kujilisha. Waganga walipokata mkono au mguu wa askari, nao dawa ya usingizi haitoshi, wasichana ndio walioshika taa na kumkamata mgonjwa asijitupe. Ndio walioteka maji na kuchukua chakula nje, makombora yakianguka, na ndio waliozika wafu. Mwisho wa mwezi wa Mei jeshi lilirudi nyuma kuelekea kusini. Wagonjwa wasioweza kutembea waliachwa, na wengine walipewa sumu.

Tarehe 18 Juni ilitolewa amri: kundi la wanafunzi limevunjwa, na kila mtu aangalie mwenyewe la kufanya. Msomaji, yafikiri maneno hayo. Kwa miezi mitatu watoto hawa hawakuruhusiwa kuamua neno lo lote. Leo, adui amewazunguka pande zote na nyuma yao ni bahari, waambiwa waamue. Mpaka siku ile waliokufa walikuwa 19. Katika siku chache zilizofuata walikufa zaidi ya 100. Asubuhi ya tarehe 19 pango moja la Ihara lilitupiwa bomu la gesi. Humo peke yake walikufa wanafunzi na waalimu 42. Wengine walipigwa risasi njiani, na wengine walijiua ufukweni kwa bomu la mkono.

Kwa nini hawakutoka kujitoa mikononi mwa Wamarekani? Jibu linatuchoma sisi waalimu. Walifundishwa ya kuwa kutekwa ni aibu kubwa kuliko kufa, na ya kuwa adui hana huruma kwa mwanamke. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nao walikunjwa wangali wabichi, shuleni, kwa sauti ya watu waliowapenda. Hata hivyo alikuwako mwalimu mmoja, Nakasone Seizen, mwenye jeraha shingoni, aliyekuwa na kundi la wanafunzi pwani ya kusini. Wasichana walitaka kujiua kwa bomu la mkono. Yeye akawazuia, nao wakatekwa wakiwa hai. Somo lake la mwisho lilipinga masomo yote ya miaka ile, na ndilo lililookoa roho.

Katika wale 240 waliokwenda hospitalini walikufa 136, yaani wanafunzi 123 na waalimu 13. Shule zote mbili hazikufufuka tena. Mwaka 1946 jiwe dogo la ukumbusho liliwekwa juu ya pango la Ihara. Waliosalia wengi walikaa kimya miaka mingi, wakiona haya kuwa hai mbele ya wazazi wa wenzao. Mwisho waliona ya kuwa kunyamaza ni kuwazika mara ya pili, na tarehe 23 Juni, 1989, wanafunzi wa zamani walifungua nyumba ya makumbusho mahali pale, na Nakasone akawa mkuu wake wa kwanza. Ukutani zimepangwa picha za waliokufa, kila picha na jina lake.

Basi sisi tunaoshika chaki tufikiri. Serikali huamuru, na jeshi hutenda. Lakini mtoto huamini kwa sababu mwalimu wake amesema. Kesho tutakapofungua kitabu cha mahudhurio, na jina likaitwa, na sauti ikaitikia, tukumbuke ya kuwa sauti ile imewekwa amana mikononi mwetu.