Ghala Moja, Programu Nyingi

Ghala la msimbo ni mahali panapotunzwa msimbo chanzo wa programu pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadili, lini, mstari upi na kwa sababu gani. Baadhi ya maghala hubeba programu moja tu. Mengine hubeba mamia au maelfu ya programu ambazo kila moja ingeweza kukaa peke yake. Ghala la namna hii ya pili hudhaniwa kuwa mtindo wa kampuni kubwa za intaneti, ilhali desturi hiyo ni kongwe kuliko kampuni zenyewe. Kilichokuwa kikibadilika ni zana, na kila zana mpya iliamua upya vitu vingapi vinaweza kukaa pamoja.

Zana ya mwanzo, SCCS, iliyotengenezwa na Marc Rochkind huko Bell Labs nchini Marekani mwaka 1972, haikujua mradi wala folda. Ilijua faili moja moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS, iliyohifadhi toleo la karibuni likiwa zima na matoleo ya nyuma kama tofauti tu, ili kazi ya leo ifunguke haraka. Nayo ilishika faili moja moja, na aliyetaka kuhariri alilifunga faili mpaka amalize.

Hata kwa zana hizo duni, watu walikuwa wameshaanza kukusanya. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Berkeley kilichotunza BSD, toleo la mfumo endeshi wa Unix, kiliweka mfumo mzima chini ya SCCS: kiini (sehemu ya ndani inayoendesha mashine), maktaba za msimbo na amri za kila siku. Sababu ilikuwa ya kikazi. Amri kama ps, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, ilisoma kumbukumbu ya ndani ya kiini, hivyo kiini kikibadilika bila ps kubadilishwa, ps iliharibika. FreeBSD na NetBSD, zilizozaliwa mwaka 1993, zilirithi umbo hilo na zinalo hadi leo. Linux ilishika njia nyingine. Kiini chake kina ghala lake, na amri na maktaba zinatunzwa na watu wengine kabisa. Ndiyo maana Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amekuwa mkali sana juu ya kanuni kwamba kiini kisivunje programu zinazokitegemea: vitu visivyokaa ghala moja haviwezi kurekebishwa kwa pigo moja.

Hatua iliyofuata ilitoka Amsterdam. Dick Grune wa Vrije Universiteit alikuwa akitengeneza programu ya kutafsiri lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili, na saa zao za kazi hazikulingana. Kufungiana mafaili kungewakwamisha, basi akaandika programu ndogo chache zinazoitumia RCS, zilizomruhusu kila mtu kuhariri nakala yake na kuunganisha baadaye. Hiyo ndiyo CVS, iliyotolewa hadharani mwaka 1986, iliyokuja kubeba sehemu kubwa ya programu huria za miaka ya 1990. Kasoro yake ilijificha chini: kila faili lilikuwa na namba yake ya toleo. Badiliko lililogusa mafaili hamsini lilirekodiwa kama mabadiliko hamsini, na mtandao ukikatika katikati, ghala lilibaki na nusu ya kazi.

Perforce, iliyoanzishwa na Christopher Seiwald mwaka 1995, na Subversion, iliyoanza mwaka 2000 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2004, ziliondoa kasoro hiyo kwa kuandika badiliko zima chini ya namba moja, ama likaingia lote ama lisiingie kabisa. Hili lilikuwa na uzito kuliko lilivyoonekana wakati ule. Sasa mtu aliweza kutaja namba moja na kumaanisha hali ya kila programu ghalani kwa wakati mmoja. Taasisi ya Apache iliweka miradi yake yote katika ghala moja la Subversion. KDE, jumuiya inayotengeneza mazingira ya kompyuta ya mezani, ilihamia Subversion mwaka 2005, na mwaka 2009 ilifikia badiliko lake la milioni moja.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Google. Kampuni hiyo ilitumia ghala la pamoja tangu siku za mwanzo, na kwa zaidi ya miaka kumi ghala hilo lilikaa kwenye seva moja kuu ya Perforce iliyokuja kuhudumia watumiaji zaidi ya 10,000. Seva ilipoelemewa, wahandisi hawakuligawa ghala. Walijenga mfumo wao wenyewe, Piper, uliosambazwa katika vituo kumi vya data. Mwaka 2016 Rachel Potvin na Josh Levenberg wa Google walichapisha takwimu za Januari 2015: takriban mafaili bilioni moja, mistari ya msimbo bilioni mbili, terabaiti 86 za data, na mabadiliko milioni 35 katika historia ya miaka 18. Wahandisi wa Google zaidi ya 25,000 walifanya kazi humo.

Wingi huo si jambo la kustaajabisha zaidi. La kustaajabisha ni nidhamu iliyouwezesha. Karibu kila mtu hufanya kazi kwenye shina moja, yaani mkondo mkuu wa msimbo, na matawi huchipuzwa hasa kwa ajili ya matoleo yanayopelekwa kwa watumiaji. Maktaba ya nje huingizwa kwa toleo moja tu, ili programu mbili zisije zikadai matoleo yanayogombana. Kila folda ina wenyewe, ambao idhini yao inahitajika kabla badiliko halijaingia. Mtu anayebadili maktaba hutakiwa kurekebisha na wote wanaoitumia. Chombo kiitwacho Rosie hukata badiliko kubwa vipande vipande na kukipeleka kila kipande kwa wenye folda. Hakuna mhandisi anayepakua ghala lote, kwa kuwa mafaili huonekana kana kwamba yako kwenye diski yake, kumbe yanabaki kwenye seva. Hata hivyo Google yenyewe haikuweka kila kitu humo. Android na Chrome, ambazo msimbo wake uko wazi kwa umma, zina maghala yao ya nje.

Wakati huohuo upepo ulikuwa umegeuka. Aprili 2005, jumuiya ya Linux iliponyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, zana ya kibiashara iliyokuwa ikitunzia msimbo wa kiini, Torvalds aliandika Git, na Matt Mackall akaanza Mercurial mwezi huohuo. Zote mbili zilimpa kila mtumiaji nakala ya historia nzima. Kwa kiini cha Linux hilo lilikuwa jambo jema, lakini kwa ghala lenye programu mia lilikuwa mzigo, kwa kuwa aliyehitaji folda moja alilazimika kubeba zote. Basi maghala yakaanza kupasuliwa. KDE ilipohamia Git kuanzia mwaka 2010 iligawanyika kuwa maghala mengi, na Android ikahitaji zana maalumu ya kufunga pamoja mamia ya maghala yake. Vitabu vya mafunzo vilianza kufundisha kwamba mradi mmoja ni ghala moja, kana kwamba hiyo ni kanuni ya uhandisi, ilhali ukweli ni kwamba ilikuwa zao la jinsi Git ilivyoundwa.

Facebook ilikataa kupasua. Wahandisi wake walipopeleka shida yao kwa jumuiya ya Git, walishauriwa waligawe ghala. Wakachagua Mercurial, ambayo ilikuwa rahisi kuongezewa vipande, wakaifanya ipakue historia ya faili pale tu inapoombwa. Matokeo waliyatangaza Januari 2014.

Microsoft ilikuwa na kidonda cha upande wa pili. Windows ilitunzwa katika Source Depot, zana ya ndani yenye asili ya Perforce, ikiwa imegawanywa katika maghala zaidi ya 40, na badiliko lililovuka maghala lilihitaji kuratibiwa kwa zana ya ziada. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliyaunganisha kuwa ghala moja la Git lenye mafaili milioni 3.5 na gigabaiti takriban 300. Git ya kawaida ilichukua zaidi ya saa 12 kulinakili. Kwa mfumo mpya ulioleta faili linapofunguliwa tu, kazi hiyo ilishuka kuwa dakika chache.

Matunda ya kazi hiyo yaliingia polepole ndani ya Git yenyewe: nakala ya sehemu, uchaguzi wa folda chache, na hatimaye Scalar, zana ya kusimamia maghala makubwa, iliyojumuishwa katika toleo la 2.38 la Oktoba 2022. Kwa mtengenezaji anayefanya kazi kwa bando la simu, hayo yana maana kubwa kuliko takwimu zote za Google. Kwa upande wa ujenzi, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, Google ilitoa Bazel mwaka 2015, inayokagua kilichoguswa na kujenga upya sehemu hiyo peke yake, kwani ghala kubwa lisilo na uwezo huo hulazimisha kila badiliko dogo lisubiri majaribio ya programu zote. Miradi midogo ya JavaScript nayo ilifuata njia hiyo. Babel ilikusanya vifurushi vyake vingi katika ghala moja, na zana iliyozaliwa humo, Lerna, ikaenea kwa wengine.

Suala moja Git haijalitatua. Perforce na Subversion huweza kumzuia mtumiaji asisome folda fulani, lakini kwa Git anayeruhusiwa kulisoma ghala huruhusiwa kulisoma lote. Kwa sababu hiyo kampuni zenye wakandarasi wa nje au msimbo wa siri huendelea kutenga maghala hata pale ambapo ukubwa si kikwazo tena.