Mandonga Mwanza, Mugabi Las Vegas: kipigo kinafichua nini?

Mwishoni mwa Julai 2023 Mwanza ilipata pambano la ngumi lililozungumzwa zaidi kabla ya kengele kuliko baada yake. Lilifanyika Malaika Beach, Ilemela, kando ya ziwa. Kona moja alikuwa Karim Mandonga, "Mtu Kazi", bondia ambaye tambo zake zilikuwa zimeshavuka mpaka hadi Nairobi. Kona ya pili alikuwa Moses Golola wa Uganda, mpiganaji wa mateke ambaye kwao Kampala mdomo wake una jina sawa na miguu yake. Wiki moja tu nyuma Mandonga alikuwa Nairobi akirudiana na Mkenya Daniel Wanyonyi, akapoteza. Akaingia ulingoni Mwanza mwili haujapoa. Golola akashinda.

Siku chache baadaye Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania ikamsimamisha Mandonga ili kwanza apimwe afya. Vijiweni likabaki swali ambalo wapenzi wa ngumi hawajawahi kulimaliza: je, kipigo ndicho kinachomvua bondia sifa za bure, watu wakauona uwezo wake halisi?

Kwa Mwanza swali hilo lina mizizi mirefu kuliko ngumi zenyewe. Usukumani mashindano ya tambo yalikuwepo kabla glavu hazijafika. Simulizi zinataja waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, ambao wafuasi wao ndio waliozaa vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Hadi leo kwenye sherehe za Bulabo, kule Bujora, Kisesa, vyama hivyo hushindana kwa utaratibu usiofanana na mchezo wowote wa ulingoni. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye duara lake, na watazamaji wako huru kuhama. Upande mmoja ukitoa chatu, watu wanakimbilia huko. Upande wa pili ukianzisha wimbo wa kumkebehi mtunzi wa wenzao, wanarudi mbio. Zipo hata dawa za mvuto, samba, za kuwanasa watu wasihame. Hakuna anayehesabu pointi. Mshindi ni mwenye umati mkubwa.

Kwa kipimo hicho Mandonga alikuwa ameshinda kabla hajavaa glavu. Jina lake lenyewe halikutokana na ushindi. Lilivuma katikati ya 2022, alipotamba wiki nzima kisha akapigwa na Shaban Kaoneka. Bondia mwingine angejificha. Yeye aligeuka gumzo la nchi, na Januari 2023 akaenda Nairobi na ngumi aliyoibatiza "Sugunyo", akamshinda Wanyonyi katika pambano lao la kwanza. Mtu ambaye umaarufu wake ulianza na kipigo, kipigo kingine kingemfichua nini? Waliokata tiketi walijua wanachokinunua.

Mabadiliko huja pale tambo zinapodai kuwa ni uwezo. Mfano mkubwa kuliko yote ziwani haukuhusu hata ulingo. Idi Amin alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika miaka ya 1950, na hakuacha watu wasahau. Mwaka 1978, majeshi yake yalipovamia Kagera, alitoa pendekezo kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Nyerere hakuvaa glavu. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ikaja kuishambulia Mwanza ikakosa shabaha. Aprili 11 Kampala ikaanguka na bingwa akakimbia.

Ng'ambo hiyohiyo ya ziwa ndiko alikotoka bondia anayelijibu swali hili vizuri kuliko wote. John Mugabi alizaliwa Kampala mwaka 1960. Katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, ambayo Kenya iliisusia na Uganda ikaenda, alifika fainali ya uzito wa welter akashindwa na Mkuba Andrés Aldama. Akarudi na medali ya fedha, akahamia kwenye ngumi za kulipwa Ulaya chini ya promota Mickey Duff, na huko akapewa jina la "Mnyama". Hadi mwanzoni mwa 1986 hakuna aliyekuwa amefika naye kengele ya mwisho. Zaidi ya wapinzani 20, wote walimalizwa njiani.

Rekodi ya namna hiyo inavutia na inatia shaka kwa pamoja. Bondia anayechipukia hutafutiwa wapinzani, hawaokoti njiani. Promota anamtafutia mkongwe aliyechoka, halafu mwenye ngumi nyepesi, halafu mwenye jina lakini miguu imekwisha. Kila KO inaongeza bei. Siku anayokutana na mtu wa kweli hupangwa pia: ni siku ambayo fedha zimetosha. Ndiyo maana waliomtazama Mugabi waligawanyika. Wapo waliosema anaua, na wapo waliosema ni ngumi moja tu, akipelekwa raundi ndefu atakatika pumzi.

Machi 10, 1986, katika uwanja wa wazi wa Caesars Palace, Las Vegas, alikutana na Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati tangu 1980, ambaye miezi 11 nyuma alikuwa amemvunja Thomas Hearns katika raundi tatu. Mugabi alikuwa amepanda uzito kumfuata. Raundi za mwanzo alirusha, akapata, na Hagler akalazimika kumheshimu. Raundi ya sita Hagler alimwagia kila alichokuwa nacho, kichwani na mbavuni, hadi watu wakasubiri mwamuzi aingilie. Mugabi akabaki wima, akaendelea kurudisha. Ilifika raundi ya 11 ndipo akakaa chini kwenye kona ya kamba, macho yakiwa mbali, Mills Lane akahesabu hadi kumi.

Usiku ule ulifichua kitu, ila siyo kile kilichosubiriwa. Walioamini kwamba ni ngumi moja tu walikosea, kwa sababu mtu wa ngumi moja hafiki raundi ya 11 mbele ya Hagler. Katika kupoteza ndipo dunia ilipojua kuwa Mugabi alikuwa bondia mkubwa kuliko alivyotangazwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayochanganya hesabu. Desemba mwaka huohuo alipigana na Duane Thomas kugombea mkanda wa WBC uliokuwa wazi. Akaumia jicho, pambano likaisha raundi ya tatu. Julai 1989 akaupata mkanda huo Ufaransa, kwa raundi moja tu, baada ya René Jacquot kuteguka kifundo cha mguu. Machi 1990 Terry Norris akamlaza ndani ya raundi ya kwanza. Anayeangalia karatasi ataona kwamba ushindi wake mkubwa ni ule wa Jacquot. Anayejua ngumi atasema pambano lake bora kuliko yote ni lile alilopoteza, na kwamba mwili uliochukuliwa na Hagler haukurudi tena. Norris hakumfichua Mugabi wa 1986. Alimkuta mwingine.

Tanzania nayo ina mfano wake, nao ulichukua miaka minne kueleweka. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati akashindwa na kijana wa Liverpool, John Conteh. Medali ya fedha, basi. Oktoba 1974 Conteh akawa bingwa wa dunia wa WBC. Pambano la Edinburgh halikubadilika hata kidogo, lakini thamani ya kushindwa kwa Simba ikapanda ghafla.

Miaka 52 baada ya Edinburgh, mtu mwingine wa Liverpool akaleta hadithi inayofanana nayo. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipelekwa Birmingham Septemba 2018 kama mpinzani wa kumpasha moto Sam Eggington. Badala yake akammaliza Mwingereza huyo raundi ya pili. Jina lake likaruka juu kwenye orodha za dunia, na nyumbani akapokewa kama mtu aliyebakiza hatua moja kuwa bingwa wa dunia. Septemba 3, 2022, akapanda ulingoni Liverpool mbele ya Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO. Raundi ya nne alipiga goti na pambano likakatishwa. Akalalamikia viatu na maumivu ya mguu. Huku nyumbani waliomshangilia Birmingham walikuwa wa kwanza kumcheka: sasa tumemjua.

Walimjua kweli? Kabla ya Birmingham, Mwakinyo alikuwa tayari ameshapoteza mara mbili katika ngumi za kulipwa, na rekodi hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuisoma. Usiku wa Eggington ndio uliowasahaulisha watu. Sifa zilizozidi zilizaliwa na ushindi mmoja, na kipigo cha Smith kilimrudisha tu kwenye kiwango ambacho karatasi zake zilionyesha tangu mwanzo: bondia mzuri, mwenye ngumi nzito, ambaye bado hajapimwa vya kutosha na watu wa daraja la juu. Halafu, Januari 21, 2023, Smith huyohuyo akamwangusha Chris Eubank Jr mjini Manchester, pia raundi ya nne. Kwa miezi michache goti la Mwakinyo halikuonekana la ajabu tena. Septemba mwaka huo Eubank akarudiana na Smith akamsimamisha raundi ya kumi, na hesabu ikaanza upya.

Kwa hiyo anayetaka kumjua bondia kwa kipigo chake anapaswa kukiuliza kipigo hicho maswali zaidi ya moja. Alipigwa na nani, na huyo aliyempiga alifika wapi baadaye? Ilikuwa raundi ya ngapi, na kabla ya hapo alifanya nini? Wapinzani wake wa nyuma walikuwa watu gani? Na alipanda ulingoni baada ya siku ngapi tangu pambano lililopita?

Swali la mwisho ndilo lililokuwa zito Mwanza ile 2023. Mandonga alicheza mapambano mawili ndani ya takriban wiki moja, katika nchi mbili, akapoteza yote mawili, na umati haukupungua. Kule Bujora chama kilichozidiwa watu mwaka huu hukunja ngozi na manyanga yake, kikatunga nyimbo mpya za kumsema aliyekishinda, kikasubiri msimu ujao kikiwa na nguvu zilezile. Kamisheni haikumwuliza Mandonga kuhusu umati wala Sugunyo. Ilitaka majibu ya daktari.